Jina Nililolitaja Mara Moja

Majina yote ninayo. Shule niliiacha darasa la nne, kwa masista wa Lubumbashi, mwaka baba alipougua mapafu, na mpaka leo kuandika kwangu ni kwa taabu. Mjukuu wangu ndiye ananinyooshea mistari. Lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki. Nikiulizwa sasa hivi, ninajua nani alipiga ngoma katika ukumbi wa parokia kule Auderghem siku ile mvua ilipovuja juu ya jukwaa, nani alisahau maneno yake akaona bora aimbe, na ile suti nyeupe aliyovaa mfalme ilikuwa ya shemeji ya nani. Ninajua na wazazi wao, na avenyu, yaani barabara, walikozaliwa.

Humu hutakuta hata jina moja. Usifikiri ni uzee. Mtoto wa rafiki yangu aliniomba kitu, nami nikakubali, na nikianza kuwataja wengine nikamruka huyo rafiki mmoja, nitakuwa nimemtenda vibaya mara ya tatu.

Bon. Nianze na makoti.

Brussels nilifika nikiwa na watoto wanne, na kazi iliyotulea ilikuwa kupokea makoti katika ukumbi mmoja wa maigizo katikati ya jiji. Watu wanaingia, wanavua, ninatundika, ninawapa kibati chenye namba. Mchezo ukishaanza, makoti hayana haja na mtu. Basi nilikuwa ninasukuma mlango wa nyuma polepole, ninasimama gizani, ninatazama. Miaka kumi na minne. Mwanzoni Kifaransa changu kilikuwa cha sokoni, maneno ya jukwaani yalinipita, kwa hiyo nilitazama miguu. Mtu akidanganya jukwaani, mdomo wake unaweza kuwa mtamu sana, lakini miguu haijui pa kukaa.

Kusimama kule ndiko kulikoniharibu magoti, na magoti ndiyo yaliyonifundisha kupima. Mchezo mbaya, ninayasikia yote mawili. Mchezo mzuri, yananyamaza. Mwishowe nikaanza kubeba maharagwe makavu kumi kwenye mfuko wa kulia wa sweta. Kila goti likinikumbusha kwamba nimesimama, ninahamisha haragwe moja kwenda mfuko wa kushoto. Pazia likifungwa, ninaingiza mkono kulia. Yakibaki manne, ni kazi ya kawaida. Yakibaki saba, nitaisimulia nyumbani. Yote kumi sikuwahi kuyakuta, na pale walipita watu wakubwa wa Ulaya nzima, wanaoshangiliwa mpaka watu wanasimama.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kulikuwa na redio ndogo ya wageni, nyuma ya duka la vitambaa Molenbeek, ngazi mbili kwenda chini. Walitupa sisi wa Kiswahili saa moja kila Jumapili, kuanzia saa kumi. Mtangazaji alikuwa mtu wa Bukavu, siku za kazi aliendesha mashine ya kubeba mizigo kwenye depo. Siku moja alinikuta mlangoni pa ukumbi wa parokia ninawaeleza wanawake wenzangu kwa nini mchezo tuliotoka kuuona ulikuwa umekufa tangu nusu saa ya kwanza.

"Maman," akaniambia, "haya unasemea hapa ku mulango, kuja useme kule mu micro."

"Mi sina shule."

"Njo vizuri," akasema, maana njo ya kwetu ni ndiyo. "Wenye shule tulisha kuwasikia."

Hivyo nikawa mhakiki, kama wanavyosema wenye shule. Mtangazaji aliita dakika zangu Nkambo Ameona, kwa kuwa kwetu Katanga nkambo ni bibi. Kwanza zilikuwa salamu, kisha muziki, kisha mimi, na mwisho kabisa matangazo ya vifo. Hayo matangazo uyashike, yatarudi. Mtangazaji aliteremsha sauti, akaweka chini yake kinanda cha kanisani kisicho na maneno, akasoma jina lote la marehemu, jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa, mtaa alioishi hapa, na nyumba ambako matanga yako. Katika saa ile nzima, hapo tu ndipo mtu alitajwa hivyo. Kuna familia zilizowasha redio robo saa ya mwisho, kwa ajili ya hapo peke yake.

Mimi majina niliyaacha mapema. Mwezi wangu wa tatu redioni nilimsifu mpiga gitaa mmoja, nikamtaja, kwa sababu vidole vyake vilistahili. Kesho yake sokoni wakaniuliza kwa kicheko, "Alikupatia ngapi?" Sikuwalaumu. Kwetu mwanamuziki anatupa majina ya matajiri katikati ya wimbo, na kila jina lina aliyelilipia. Hata mtoto anajua. Wiki ile ile mtu akaja nyumbani kwangu na bahasha, kofia mkononi, anataka nimtaje mke wake anayeimba. Nikamrudishia bahasha na kofia yake ikaanguka. Jumapili nikasema kwenye redio: kuanzia leo simtaji mtu, si kwa uzuri, si kwa ubaya. Nitasema mtu alifanya nini. Mwenye macho atamjua.

Neno hilo lilinipa jina mimi mwenyewe. Watu wakasema, Nkambo hanunuliwi. Nikipanda tramu wananiachia kiti. Vikundi vya kwaya na vya maigizo vilitetemeka nikiingia na sweta langu. Nisikufiche, nilipenda. Mwanamke aliyetundika makoti ya watu miaka kumi na minne, sasa watu wanaogopa uso wake.

Sasa rafiki yangu.

Tulijuana tangu kule. Ua mmoja, bomba moja, mama zetu waligombana juu ya kamba moja ya kuanikia. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka minne, ndiyo sababu mpaka mwisho aliniita yaya, yaani dada mkubwa. Hapa alikuja baada yangu, na binti mmoja na bila mume. Siku za kazi aliosha wazee wa Kizungu katika nyumba ya wazee. Jumamosi aliigiza na kundi la wenzetu, katika kumbi za parokia, mbele ya viti vya plastiki.

Walimpa vipande vidogo. Mama anayeleta maji. Mama anayeita watoto kutoka mlangoni. Mama anayelia. Mara ya kwanza nilipomwona akivuka jukwaa na bilauri kwenye sinia, akimpelekea maji mwanaume aliyetoka kumfukuza binti yao, ukumbi mzima uliacha kumsikiliza mwanaume ukatazama ile bilauri. Hakumwaga tone. Lakini tulijua anachotaka kufanya nayo.

Jumapili nikasema redioni, "Na yule mama wa maji, yule mumtazame." Jumatatu asubuhi simu ikalia.

"Yaya! Mama wa maji? Mi njo robine, bomba ya maji?"

"Kila muntu amejua ni wewe."

"Kila muntu nani? Wale wazee yangu ku kazi banajua? Wewe siku moja utanitaja, ao hapana?"

"Unajua sheria yangu."

"Sheria! Kwani uko mu parlement?"

Tukacheka. Ikawa utani wetu, miaka na miaka. Binti yake alirekodi dakika zangu kwenye kaseti, baadaye kwenye simu, maana mama yake alitaka kuzisikiliza tena akipika. Katika zote hizo yeye ni mama wa maji, mama wa kitenge chekundu, mama wa mlangoni. Na kila mara nikitoka redioni anauliza, kwa kucheka, kama leo ametajwa. Sikutambua ni mwaka gani alipoacha kucheka kwa macho.

Halafu ukaja ule mchezo mkubwa.

Kijana wetu mmoja aliyesomea maigizo hapa alitunga mchezo juu ya wanawake waliokesha nje ya lango la mgodi baada ya shimo kuporomoka, wakingoja waume zao. Aliuweka katika ukumbi ule ule wa makoti yangu. Mimi nilikuwa nimeshastaafu. Alichukua waigizaji wanne wa kazi, na wanawake saba wa kwetu. Rafiki yangu alikuwa mmoja wa wale saba, lakini kipande kikubwa kilikuwa chake. Anakaa chini na beseni, anafua shati la mume wake, na anafua tu, muda mrefu, bila neno. Kisha anaanza kulisemesha shati. Kisha analikamua. Kisha kinatoka kilio.

Nilikaa safu ya tano, maana sasa nilikuwa na haki ya kiti. Alipomaliza, niliingiza mkono kulia. Maharagwe yalikuwa kumi.

Nje, pale pale nilipokuwa ninatundika makoti, alinikuta ningali ninashika mfuko. Alikuwa na karatasi ya mchezo mkononi, ile wanayogawa mlangoni.

"Yaya, somea mi. Jina yangu iko wapi?"

Alijua. Alitaka nilione mwenyewe. Waigizaji wanne walikuwa na jina na picha kila mmoja. Chini yao, kwa herufi ndogo: pamoja na akina mama wa mtaa.

"Haiko," nikasema.

"Haiko. Na gazeti yao imeandika, koro ya bamama ba Afrika. Koro, bantu bote pamoja! Mi nilikuwa peke yangu na beseni." Akaikunja karatasi mara nne akaniwekea mkononi. "Jumapili, yaya. Mara moja. Siyo utani leo."

Nikamjibu kwa methali, kama mtu anayejificha nyuma ya mlango. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Bado sijasifiwa," akasema. "Unisifu kwanza, tuone kama nitatia maji."

Jumapili nilishuka zile ngazi mbili na jina lake kwenye ulimi. Nakuapia. Lakini njiani nilikutana na wanawake watatu, na wote waliniambia neno moja: leo tunataka kukusikia, Nkambo, leo ni rafiki yako. Walisema kwa kicheko, kama wale wa sokoni. Nikaketi mbele ya micro. Nikasema mchezo ni mzuri. Nikasema, yule mama wa beseni anajua kufua. Halafu, ili wale watatu na wengine wote wasikie kwamba Nkambo hapendelei mtu, nikaongeza kwamba kile kilio chake cha mwisho kilikuwa kirefu mno, kilipita kipimo.

Haikuwa kweli. Kilianza pale kilipopaswa, kikaishia pale. Mfukoni mwangu kulikuwa na maharagwe kumi yanayoshuhudia, nami nikasema uwongo wangu wa kwanza katika redio ile, na mtangazaji akainamisha kichwa kwa heshima.

Jumatatu simu haikulia. Jumatatu nyingine pia. Nilimpigia, binti akasema mama amelala. Tulikutana kwenye Misa, akanisalimia vizuri, akauliza magoti yangu, akaenda. Kundi lilimwita kwa mchezo mwingine, akajibu kwamba amechoka. Mimi nikajiambia, ni kazi, inachosha kweli, kuinua wazee si mchezo. Ikapita hivyo misimu miwili ya baridi.

Binti ndiye aliyenipigia. "Mama mukubwa, mama iko Jette, ku hôpital. Ni tumbo. Amesema wewe ukuje."

Nilimkuta karibu na dirisha, amekuwa mdogo kama msichana wa ua ule wetu. Muuguzi alikuwa akimwita madame, na jina la mume aliyemwacha zamani, tena kwa matamshi yaliyovunjika. Alingoja muuguzi atoke.

"Yaya, ile kilio. Ilikuwa murefu kweli?"

"Hapana."

"Sasa juu ya nini ulisema vile?"

"Juu bantu basiseme ninakupendelea."

Akageuza uso dirishani. Chini kulikuwa na maegesho ya magari na mvua nyembamba. "Mi nilisha kuipunguza," akasema. "Kila siku niko nalala hapa, niko nafanya ile kilio mu kichwa, niko nakata, niko nakata. Sasa nikitaka kuirudisha vile ilikuwa, haikuje. Umenipotezea."

Binti alisimama akaenda kujaza chupa ya maji iliyokuwa imejaa.

"Nitakutaja," nikasema. "Jumapili hii."

"Jina yote?"

"Yote. Ya kwetu."

"Na ya papa, na ya mama. Na avenyu yetu. Basiseme ni mwingine." Kisha, kwa sauti ya zamani: "Usiseme robine."

Jumapili nilivaa vizuri. Nilimwomba mtangazaji anitafutie muziki mzuri wa kuweka chini ya maneno yangu, kitu cha taratibu. Akaniangalia, akaona macho yangu. Akachukua alichokuwa nacho karibu. Kilikuwa kinanda kile cha kanisani. Nilikisikia, nikaona kinafaa. Miaka yote hiyo nilikaa mita moja kutoka kwake akisoma matangazo ya vifo juu ya kinanda hicho, na siku ile sikufikiri. Nilikuwa ninafikiria jina.

Nikalitaja. Jina lote. La baba yake, la mama yake, avenyu, mji, mtaa wake wa hapa. Nikasema alikuwa mama wa maji, na mama wa kitenge chekundu, na mama wa mlangoni, na mama wa beseni, wote hao ni yeye. Nikasema nilidanganya juu ya kile kilio. Nikasema sijaona mwigizaji kama huyu, si huku si kule. Sauti yangu ilikatika, nikashindwa kumaliza, na mtangazaji akakiacha kinanda kiende mpaka mwisho.

Ungekuwa wewe jikoni kwako, unakoroga mboga, ungesikia nini? Nkambo ambaye hajamtaja mtu karibu miaka kumi anataja jina zima, na baba, na mama, na mahali pa kuzaliwa, analia, na kinanda cha wafu kiko chini. Walisikia hicho hicho.

Sijafika juu ya ngazi simu yangu ikaanza. "Pole, Nkambo. Amekufa saa ngapi?" Nikasema hapana, hajafa. Yule akasema, "Tumekusikia sisi wenyewe." Mwingine akapiga. Mwingine. Nikapiga kwa binti, simu yake haipatikani, inaongewa bila kukoma. Nikachukua metro kwa magoti haya, kisha basi, na ndani ya basi nikakuta wawili wa kwaya wameshavaa nguo nyeusi.

Nilipofika, walikuwa wamenitangulia. Wanawake kumi na zaidi walikuwa kwenye korido, vitambaa vimefungwa kiunoni, mmoja ameshajitupa chini, na wauguzi wanawasihi kwa Kifaransa wapunguze sauti. Binti alisimama amebana mlango kwa mgongo wake, anapiga kelele kuliko wote, "Iko muzima! Mama iko muzima! Muende!" Na kwa sababu mfiwa mara nyingi husema hivyo, hakuna aliyemsikia.

Nikapenya. Rafiki yangu alikuwa ameinuliwa kwenye mito, macho wazi. Anasikiliza. Ile korido yote ilikuwa inaingia kwa chini ya mlango.

"Ule wa sauti nyembamba ni nani?" akaniuliza.

Nikamwambia ni nani.

"Analia mubaya. Anaanzia juu, hatakuwa na pa kupanda." Akasikiliza tena. "Na ule mwingine anajisikiliza. Ambia bo batoke, baingie tena."

Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamshika mkono, nikamwambia anisamehe, nilitaka kumtaja tu.

"Umenitaja," akasema. "Umenitaja pamoja na bafu, bale balisha kufa."

Nilimtazama nione kama ni utani. Miaka hamsini niliujua uso ule, na kazi yangu ilikuwa kusoma nyuso, na sikuweza kujua. Akafumba macho. Hakunifukuza. Hakuniambia nibaki.

Wanawake walipoambiwa ukweli, waliona aibu, na aibu ikageuka hasira, na hasira ikahitaji mtu. Wengine walisema nimezeeka, redio iniondoe. Wengine walisema neno baya zaidi, kwamba jina la mgonjwa halisomwi juu ya kinanda cha wafu bure, Nkambo amemwita kifo. Mtangazaji alisahihisha Jumapili iliyofuata, maneno machache, mwanzoni mwa kipindi. Lakini ni nani anayewasha redio mwanzoni?

Alifariki siku kumi na mbili baada ya ile Jumapili ya jina, asubuhi, binti akiwa amekwenda kununua kahawa.

Tangazo la kweli likasomwa mahali pake, mwisho wa kipindi, kwa kinanda kile kile na jina lile lile. Na watu walipolisikia wakasema, hilo tumeshalisikia. Wengine walifikiri mtangazaji amerudia. Wengine walijua, ila walishavaa nyeusi wakavua, walishalia kwenye korido wakafukuzwa, na mtu mmoja haliliwi mara mbili, hata kama hajafa mara mbili. Ukumbi wa matanga ulikuwa na viti themanini. Nilihesabu watu kumi na tisa, na wawili walikuwa wafanyakazi wenzake wa nyumba ya wazee, Wazungu, wameshika maua, hawajui wakae wapi. Kwaya haikuja. Kijana wa mchezo mkubwa alituma ujumbe.

Wakati ulipofika wa mtu kusimama na kumsema marehemu, macho ya wote kumi na tisa yalinigeukia. Nikashika kiti mbele yangu ili niinuke. Binti akaja haraka, akaniwekea mkono begani, akanikalisha. Akasimama yeye, akasoma Zaburi, basi.

Baada ya wiki chache alipanda ngazi zangu Molenbeek, ghorofa ya tatu. Alikataa chai. Akatoa simu ya mama yake akaiweka juu ya meza.

"Ile siku, mama aliniambia nirekodi," akasema. "Mama mukubwa, usikie mara moja. Halafu nitafuta."

Nikasikia sauti yangu, kwa mbali, kwenye redio ndogo ya kitandani. Nikasikia jina. La baba, la mama, avenyu. Juu ya sauti yangu, karibu sana na simu, nikasikia pumzi ya mtu aliyelala, na ile pumzi ikasimama kusikiliza. Nikasema mambo ya maji na ya kitenge chekundu. Nikasema nilidanganya. Sauti yangu ikakatika, kikabaki kinanda. Kisha yeye, taratibu, kama mtu aliyeonja mboga: "Eeh. Njo mi."

Hakuna kitu kingine. Kinanda kidogo. Mtu angeweza kupumua mara tatu, si zaidi. Halafu simu ya binti ikaanza kuita juu ya kabati, naye binti akasema "Allô?", na nikamsikia mpigaji akiangua kilio.

Binti akaizima hapo. Akafuta mbele yangu, kidole kimoja.

"Ninakuomba kitu," akasema. "Usimutaje tena. Ku redio, ku kanisa, mu kitabu, fasi yote. Mara moja imetosha."

Nikamwambia ndiyo. Alivaa koti lake. Nilitaka kumsaidia mkono wa pili, kwa mazoea, akawa ameshauingiza mwenyewe.

Redioni sikurudi. Sweta lingali kwenye msumari nyuma ya mlango, na maharagwe yamo, yote kumi upande wa kulia, kama nilivyoyaacha safu ya tano; tangu siku ile sikupima nayo mchezo mwingine. Nilipokwenda redioni Jumapili ile ya jina sikuyagusa, na kwenye matanga sikuyabeba. Mjukuu wangu alipofika hapa katika kuandika alisimamisha kalamu, akasema, Nkambo, mutaje basi, nani atajua? Nikamwambia aandike kinachofuata. Jina ninalo. Asubuhi ninalisema kimoyomoyo, na la baba, na la mama, na avenyu yetu, kisha ninanyamaza nipumue mara tatu, na simu hailii.